Jina Lisilochekwa

Rahabu aliletwa Itigi akiwa bibi arusi, wakati vita vya Hitla vimekwisha na askari wanarudi makwao kwa treni, wakiimba madirishani. Mumewe, Marko, alikuwa Mnyaturu wa Mgori, kibarua katika genge la reli. Rahabu alikuwa Mnyiramba wa Ndago. Hapo Itigi hapakuwa na Mnyiramba mwingine aliyemjua, wala mtu wa kusema naye lugha ya mama yake. Marko na wenzake walizungumza Kinyaturu. Dukani watu walizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha Rahabu kilikuwa kile cha shule ya misheni, kizito na cha adabu nyingi, hata wauza samaki wakavu walimwigiza.

Kabla ya mwaka kwisha, Marko alihamishiwa mbali magharibi, upande wa Malagarasi. Wakati huo Rahabu alikuwa na mimba changa.

"Nikipata chumba nitakuita," Marko alimwambia stesheni, mguu mmoja uko ndani ya behewa. "Kaa hapahapa. Usiende Ndago. Ukienda Ndago nitakupataje?"

Rahabu akakaa. Nyumba ya reli ilipochukuliwa na kibarua mwingine, akahamia chumba cha uani kwa mjane mmoja wa Tabora, Mwislamu, jina lake Stumai. Stumai alikuwa akikaanga vitumbua na kuviuza stesheni kila treni iliposimama kunywa maji. Siku ile Rahabu alipofika na sanduku lake kichwani, alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unaitwa nani?"

Rahabu alisita. Kwao Ndago jina lake lilitamkwa kwa ulimi wa nyumbani, na kwa kuwa alikuwa amechoka, likamtoka vilevile.

"Lahabu."

Stumai akaweka chini mwiko. "Lahabu? Nani alikupa jina hilo? Lahabu ni ndimi za moto, mwanangu. Yuko mtu mmoja katika Kurani alilaaniwa kwa jina hilo, yeye na mkewe."

"Si hilo, mama. Ni Rahabu. Limo katika Biblia."

"Na huyo wa Biblia alikuwa nani?"

Rahabu akashusha sanduku lake chini. Alikumbuka darasa la misheni, siku aliposimamishwa asome kitabu cha Yoshua kwa sauti, akafika penye maneno "Rahabu, yule kahaba", na wavulana wakagonga madawati kwa kucheka. Mwalimu aliwachapa, lakini tangu siku ile mpaka anaolewa hawakuacha. Marko naye alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alitabasamu kidogo, kisha hakulitaja tena. Alimwita "wewe".

"Basi mimi nitakuita Mama Kijacho," alisema Stumai, akimtazama tumbo. "Ingia upumzike."

Miezi ikapita. Rahabu alinunua asali kwa warinaji waliotoka porini, akaitia katika chupa, akawa anaiuza pamoja na Stumai penye treni. Kila treni ya kutoka Kigoma ilipoingia aliyapitia mabehewa yote, asali kichwani, akitazama nyuso. Marko hakuwamo. Aliwauliza watu wa genge, nao wakasema, "Yuko, mzima," wakageukia shughuli zao.

Jioni alikaa uani peke yake, maana Stumai alikuwa na majirani zake wa Tabora na mazungumzo yao. Hapo ndipo alipoanza kumfikiria mtoto. Aliona kwamba mtoto huyu hatakuwa wa mahali pamoja. Baba yake ni mtu wa reli. Leo Malagarasi, kesho Dodoma, keshokutwa labda Tanga. Bibi mmoja atamwita kwa Kinyaturu, mwingine kwa Kinyiramba. Atacheza na watoto wa Kigogo na wa Kinyamwezi, na pengine karani wa Kihindi au Mzungu wa reli atamwita amletee kitu. Rahabu akajiapiza: jina la mtoto huyu lisivunjike kinywani mwa mtu yeyote, na popote litakapotajwa asiwepo wa kucheka.

Akaanza kutafuta. Alitafuta jina la msichana, maana moyo wake ulimwambia ni msichana.

"Sara," alimwambia Stumai asubuhi moja wakipuliza moto.

"Sara ni zuri. Hata sisi tunaye, mke wa Ibrahimu."

"Lakini baba yangu atasema Sala."

"Sala si maombi? Ubaya uko wapi?"

"Nataka lisibadilike, mama. Langu lilibadilika."

Stumai akamtazama, akaongeza kuni motoni.

Akajaribu Hana. Alilipeleka stesheni, akamwendea abiria mmoja dirishani, mtu wa makamo mwenye kofia, akamwuliza kama kwao jina hilo ni jema.

"Hana?" yule mtu akasema. "Hana nini? Hana baba?" Behewa zima likaangua kicheko.

Rahabu aliinamisha kichwa, akasogea dirisha jingine. Siku nyingine akajaribu Hawa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu kwa upole, "Hawa wangapi, dada?" Wale waliosikia wakacheka tena, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa kibaya.

Watu wa treni wakaanza kumzoea. "Yule wa majina," walisema. Wengine walimpa majina ya bibi zao, na yeye aliyachukua mpaka nyumbani akayageuza mdomoni, akayatamka kama baba yake, kisha kama mama yake Marko, kisha kama Stumai. Mengi yalivunjika. Mara nyingine alijishangaa: mtu ambaye siku nzima hakuna amwitaye, anashinda akijiitia mtu ambaye hajazaliwa.

Jumapili moja mwinjilisti Leonidas alihubiri habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, nao wakaenda mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema mabinti wananena haki. Leonidas akataja majina yao. La pili lilikuwa Noa.

Rahabu hakusikia tena mahubiri. Noa. Alilitamka kimya kama baba yake, likabaki Noa. Akalitamka kama mama mkwe, likabaki vilevile.

"Noa?" Stumai aliuliza. "Kama kunoa kisu?"

"Ndiyo."

"Sijapata kulisikia." Akalionja tena mdomoni. "Noa. Basi akiwa mkali tusishangae."

Rahabu alingoja acheke. Stumai hakucheka. Rahabu akalipeleka kwenye treni, kwa Mhaya aliyekuwa akirudi Bukoba, kwa Mmanyema, kwa Mgogo mwenye fimbo yake. Gadi wa treni, Mgoa mwenye bendera, alilitamka mara mbili, akasema kwao pia yupo mtu wa jina linalofanana na hilo. Mmoja aliuliza, "Ni la kike au la kiume?" lakini hakuna aliyecheka.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua za kwanza, kwa mikono ya Stumai, na kweli alikuwa msichana. Siku ya ubatizo Leonidas aliuliza nani wasimamizi. Rahabu alikuwa na mke wa Leonidas peke yake. Stumai alisimama nje mlangoni na mwavuli, kwa kuwa hakutaka kuingia kanisani wala kubaki nyumbani, na jina lilipotajwa alitikisa kichwa kwa kukubali.

Noa alipoanza kukaa, Rahabu alirudi stesheni, mtoto mgongoni. Ilikuwa treni ya kutoka Kigoma, adhuhuri, jua kali. Alikuwa amefika behewa la tatu alipomwona Marko.

Alikuwa dirishani. Amenenepa kidogo. Pembeni yake alikaa mwanamke aliyejifunga kanga mpya, amelaza kichwa begani mwake, na mtoto wa kiume asiyepishana sana na Noa amelala mapajani mwa wote wawili.

Marko alimwona. Hakusimama, labda kwa sababu ya yule mtoto, labda kwa sababu nyingine.

"Hujambo," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijambo."

Akamtazama aliyekuwa mgongoni. "Ni huyo?"

"Ni huyo. Wako."

"Anaitwa nani?"

"Noa."

"Noa," Marko akasema. Alilisema sawasawa, polepole. Mtoto, kwa kusikia jina lake, akainua kichwa na kumtazama.

Yule mwanamke akafumbua macho. "Unasema na nani?"

"Mtu wa kwetu," Marko akamjibu.

Rahabu alisikia maneno hayo, akasubiri yafuatwe na mengine. Filimbi ikapigwa. Marko alisema amehamishiwa Morogoro, atatuma neno akifika, na mabehewa yakaanza kuvutwa. Kwenye dirisha la nyuma yake abiria alipaza sauti, "Asali! Dada, asali!" Rahabu akampa chupa, akapokea alichopewa, akaingoja treni ipite yote mpaka gadi akampungia mkono.

Nyumbani alimweleza Stumai kwa maneno machache. Stumai alilia. Rahabu alimtazama akilia, akashangaa kwamba yeye mwenyewe hakuwa na chozi, kisha akaenda kumwogesha mtoto.

Kiangazi kilichofuata mtoto wa kiume wa Stumai alikuja kumchukua mama yake arudi Tabora, maana macho yalikuwa yakififia na moto wa vitumbua haukumfaa tena. Stumai alitaka Rahabu waende pamoja. Rahabu aliwaza, kisha akamwambia, "Nikienda Tabora nitakuwa nani, mama?" Akamtumia baba yake salamu kwa mwenye lori, na kaka yake Melkiori akaja kumfuata.

Walipanda lori la magunia Manyoni, wakapita Singida. Ndago walifika mchana. Mama yake alikwisha kufariki, na Rahabu alikuwa ameambiwa habari hiyo njiani. Baba yake alikuwa amekaa mlangoni, akampokea mtoto, akauliza jina. Akaambiwa. "Noa," alisema mzee, akamweka mapajani, na wanawake wa ukoo wakaja mmoja mmoja kumbeba na kumwita, na jina likapita vinywani mwao bila kukwaruzika.

Rahabu alikuwa amesubiri siku hiyo kwa hamu. Aliposikia Kinyiramba kila upande, alifungua kinywa azungumze. Akazungumza. Walimjibu vizuri, wakamuuliza habari za safari. Kisha wakarudi kwenye habari zao, nani ameolewa, nani ameugua, ng'ombe wa nani wamepotea, majina ya watu aliowaacha wadogo na wengine asiowajua kabisa. Alikaa katikati yao kama mgeni anayeelewa kila neno.

Wakati wa palizi ya mtama walimpa sehemu ya shamba la mama yake, karibu na mawe. Alilima huko na Noa, ambaye sasa alikuwa akitembea. Wifi yake, Kristina, alikuwa akipalilia upande wa pili, na siku moja alisimama, akaegemea jembe.

"Rahabu. Mbona unamsemesha mtoto Kiswahili? Hapa si stesheni."

Rahabu hakuwa amelifikiria hilo. Alimtazama binti yake aliyekuwa akichimba udongo kwa kijiti.

"Ndivyo tulivyozoea," alisema. "Tulikuwa wawili tu."

Kristina aliguna, akainama tena. Jua lilikuwa linapanda. Rahabu alimwambia Noa kwa Kiswahili asogee kivulini, na Noa akasogea.