Maji ya Gélase

Mi sina mdomo mtamu, batu bote ba kambi hii ya Dzaleka, huku Malawi, banajua. Kwa hiyo Kasongo, msimamizi wa mfereji wetu, alipokuja kuniomba zamu ya maji ya bwana yangu Gélase, nilimjibu jembe likiwa mkononi.

Kwetu, milimani juu ya Bukavu, mtu akisafiri, majirani banamwagilia shamba lake mpaka arudi. Akikufa, bibi yake anafungua maji kwa mkono wake mwenyewe na kuyapeleka kwa mwingine. Hapo njo anakuwa mjane. Sasa mi na Gélase tulitengana Uvira. Bateau ya kuvuka ziwa ilijaa, akasema atapanda ya nyuma yake; sijamwona tena. Nilipopewa bustani hapa bondeni, chini ya kambi, nikamwombea naye yake. Nikapanda maharagi. Maji ya Alhamisi yakawa yake.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Mfereji ukabaki mwembamba, na Bamalawi ba kijijini na sisi bakimbizi tukagawana maji hayo hayo kidogo. Vitunguu vya Aicha, jirani yangu wa bustani, mtu wa Kindu, vikaanza kulala chini. Kasongo akasema bote bamekubaliana zamu ya asiyekuwepo iende kwa Aicha. Nikamwambia aniondokee. Anifanye mjane kwa sababu ya vitunguu?

Lakini kila asubuhi nilipita kando ya vitunguu vile. Aicha hakuniomba kitu, na hilo njo liliniuma zaidi. Nilimtamani Gélase mpaka nikamkasirikia. Nikienda Lilongwe kuuza mboga pale sokoni Tsoka, naangalia sura za banaume, bei inanipita.

Alhamisi moja nikaenda mferejini kumfungulia Aicha maji, nikasimama kwenye tope tunalofungia maji. Nikainua jembe. Mkono ukakataa. Nikalia, mi Godelive, mbele ya batu.

Aicha akanishika bega.

"Usinipatie, mama. Niazime tu. Siku akifika, nitamrudishia maji yake, Alhamisi kwa Alhamisi."

Akachukua jembe yeye mwenyewe, ili mkono wangu usiguse lile tope. Kabla ya kulikata, akapaza sauti, Kasongo na bote basikie yanatoka kwa nani: "Maji ya Gélase!"

Vitunguu vikapona, na mpaka leo tunafanya vile vile. Kila Alhamisi Aicha anaita jina lile, na mi, mjinga huyu, kila Alhamisi nageuka kuangalia barabara ya Lilongwe.