Mkaguzi wa Mabakuli

Mtaani kwetu anayekula kupita kiasi haitwi mlafi, anaitwa mkaguzi. Kamusi haina habari hiyo. Mimi ninayo, maana nilikuwa nashona vifungo katika karakana ambamo neno hilo lilizaliwa, na mwenye nalo nilimwona kwa macho yangu akilamba vidole vyote kumi.

Alikuwa msimamizi wetu. Siku moja mafundi wanne waliharishwa na maharage yaliyochacha, naye akatoa amri: chakula cha mtu kisiliwe kabla hajakikagua. Basi kila saa sita tukawa tunapanga mabakuli kwenye meza ya pasi, naye anapita na kijiko. Mwanzo alionja. Baadaye akawa anahakikisha. Nyama ilihitaji uhakika zaidi kuliko mchicha, na bakuli la mwenye mke hodari jikoni lilikaguliwa mpaka chini. Tukambandika jina la Mkaguzi, na jitu lile likafurahi likidhani limepewa cheo. Asiye na haya hata tusi humnenepesha.

Kaka yangu alikuwa mkataji wa vitambaa. Ana kisukari, akishajidunga sindano lazima ale, la sivyo anaanguka. Msimamizi alilijua hilo. Siku moja kaka alijidunga, akaenda kunawa, akarudi akakuta bakuli jeupe.

"Wifi yako anajua kupika," msimamizi aliniambia, akijipangusa mdomo. "Hakijachacha hata kidogo. Haya, muda umekwisha, kazini!"

Mimi na wenzetu tulikuwa tumekwisha kula. Nikaomba nitoke nikamnunulie kaka mkate.

"Geti halifunguliwi saa za kazi, dada."

Nikaogopa kupoteza kibarua, nikaketi. Sijajisamehe mpaka leo.

Haikupita nusu saa, mkasi ukamponyoka kaka, akaenda chini, jasho likimtiririka. Nilichukua kopo la sukari la msimamizi, nikaikoroga yote kwenye maji, nikamnywesha kijiko kwa kijiko huku nikilia, mpaka macho yake yakanitambua.

Msimamizi akaja. Nilidhani anainama kumtazama mgonjwa. Aliokota kopo, akalitikisa.

"Mmemaliza yote? Sasa mimi chai nitakunywa na nini?"

Na kaka yangu, mwenye watoto watatu wa kulisha, akiwa bado amelala sakafuni, akamwomba radhi.