Robo ya Wajane

Mstari uliomponza Joëlle ulikuwa mfupi, na siku alipouandika aliuona mzuri kuliko yote: «Upotevu: robo ya samaki wa kila siku hutolewa bure. Utakomeshwa.» Chuoni walimfundisha kwamba mwekezaji hauamini mpango wa biashara usio na kasoro; umwoneshe tundu, kisha umwoneshe kiraka. Basi akatafuta tundu, akalipata nyumbani kwao.

Robo hiyo ilikuwa ya wajane. Katika ukoo wao, wavuvi wa Wagenia, madema ya kutegea samaki yakishatolewa kwenye maporomoko ya mto, samaki hawagusi mizani kabla wajane wa waliochukuliwa na maji hawajapewa fungu lao. Joëlle alikuwa na miaka minne baba yake alipochukuliwa. Karo, sare, hata nauli ya chuo kikuu, vyote vilitoka kwenye samaki wa fungu hilo aliowauza mama yake, Mama Chimène. Jamani, mtu husahauje jambo kama hilo? Wala hakulisahau. Aliliandika tu kwa Kifaransa safi, kwenye jedwali, na hapo halikufanana tena na mama yake.

Mwekezaji wa Kinshasa aliupenda mpango. Angeleta tanuri sita za kukaushia samaki na gari la barafu, mradi Tonton Léon, mkubwa wa ukoo, atie saini. Tonton Léon hakujua kusoma Kifaransa. Aliwakusanya watu uwanjani kwake, akasema, «Bon, mutoto yangu, utusomee yote.»

Joëlle akasoma, akitafsiri. Tanuri, wakapiga makofi. Gari, wakapiga tena. Alipofika ukurasa wa sita, wenye ule mstari wa robo, akainua macho. Mama yake alikuwa ameketi na wajane wenzake, amejaa fahari hata hajui pa kuiweka mikono. Joëlle akafunua kurasa mbili kwa mpigo.

«Iko vile tu?» Tonton Léon akauliza.

«Iko vile tu, tonton.»

«Alors, tunakuamini. Wewe uko damu yetu.» Akatia saini.

Tanuri zilipowashwa, karani wa kampuni ya mwekezaji alisimama na mizani palepale madema yanapotolewa, akawazuia wajane. Tonton Léon alipomjia juu, karani alimfunulia ukurasa wa sita, akamtafsiria neno kwa neno, akamwonesha saini. Joëlle alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Tonton Léon alimtazama Joëlle. Kisha akawaendea wajane kule walikozuiwa.

«Ni mimi niliamua,» akawaambia. «Mambo imebadilika. Murudi nyumbani.»

Joëlle aliona aibu. Alijiambia atasema jioni. Jioni mama yake ndiye aliyesema, akiwa amekaa kizingitini.

«Miaka yote hii nilimuita ndugu. Kumbe alingojea tu siku ya kutunyanganya. Na wewe ulimusomea vizuri vile! Kuanzia leo, ukimukuta njiani, usimusalimie.»

«Mama...»

«Usimutetee.»

Joëlle alikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale. Aliiacha ipite, na hadi leo anaikumbuka kuliko yote.

Kesho yake asubuhi, wakielekea sokoni, yeye na mama yake walimwona Tonton Léon akija upande wao, njia nyembamba, hakuna pa kukwepea. Joëlle akapunguza mwendo, mama akamkaza mkono. Zilipobaki hatua chache, Tonton Léon ndiye aliyegeuza uso kwanza, Joëlle asilazimike kumnyima salamu, akapita.