Lugha Niliyoifuta

Lugha za kompyuta nilizifuta mwenyewe. Ilikuwa miezi minne baada ya kumzika mume wangu. Nilitaka nafasi ya kuweka picha zake zote, na kompyuta yake ikalalamika kuwa imejaa. Nikakuta folda yenye lugha chungu nzima, nyingine sijawahi hata kuzisikia. Nikazifuta zote, nikidhani Kiswahili hakitaguswa kwa kuwa ndicho tulichokuwa tukikitumia.

Kesho yake mama mkwe akaketi kwenye kompyuta hiyo kuendelea kuandika kitabu chake cha ukoo. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Swali likajitokeza, akabonyeza kwa kubahatisha, na kurasa sita za watoto wa shangazi yake zikapotea. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa.

"Imenikana, mwanangu. Mwenyewe hayupo, basi tena."

Sikuthubutu kumwambia. Wiki mbili hakuandika hata jina moja.

Jumamosi nikamwita shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa kompyuta. Nikaungama.

"Shemeji! Umefagia nyumba ukatupa na mlango!"

"Utanicheka baadaye. Inatengenezeka?"

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiuliza kompyuta ina lugha zipi. Ikataja moja tu. Akarudisha faili zilizokosekana, akachagua Kiswahili kwenye orodha, akaizima na kuiwasha. Siku na miezi ikarudi kwa Kiswahili, na menyu zote pia. Programu ya mama ya kuandikia ikabaki kwa Kiingereza.

"Hii haikuja na Kiswahili," shemeji akasema. "Kaka aliitafsiri mwenyewe. Ulichofuta ni ile faili inayosomwa na mashine. Ile aliyoiandika kwa mkono wake, kama hakuiacha mahali, basi tafsiri yake imepotea."

Tukapekua folda moja baada ya nyingine mpaka tukaikuta, ndani ya folda aliyoiita Kazi ya Mama. Mistari mia tisa na ushee, Kiingereza juu, maneno yake chini. Nikasoma mmoja kwa sauti: "Mama, kurasa hizi hujazihifadhi. Nikuhifadhie?"

Shemeji akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaandika amri moja fupi, na kutokana na mistari ile faili ya mashine ikatengenezwa upya.

Nikaenda jikoni nikamweleza mama mkwe ukweli wote.

"Kumbe ni wewe! Na mimi wiki mbili naisengenya mashine ya watu!"

Akaketi, akaanza upya na watoto wa shangazi. Alipotaka kufunga, swali la mwanawe likatokea. Akalisoma polepole, akabonyeza ndiyo. Halafu akaonyesha kidole kwenye skrini.

"Hapa alipoandika 'Ghairi', nilimwambia aweke 'Acha kwanza'. Akasema atabadilisha Jumapili."

Jumapili hiyo hakuifikia.

Shemeji akanisogezea kibodi. "Haya, mke wa kaka. Amri umeiona."

Niliogopa kugusa neno lake. Mama mkwe alikuwa akinitazama, akisubiri kama mtu anayesubiri chai. Nikalifuta, nikaandika alivyotaka, nikarudia ile amri fupi. Ikakubali.

Mama mkwe akavuta kiti karibu yangu.

"Yapo mengine," akasema. "Nilikuwa nimempa orodha."