Mikono ya Mama Yaenda Kliniki

Asubuhi ya kliniki, mama alimaliza kupiga pasi mashuka ya wateja kwenye duka lake la udobi, kisha akauvua mkono wa kushoto na kuuweka mezani. Wa kulia alisaidiwa na bintiye. Damu haikutoka.

"Nenda nayo wewe, mwanangu," alisema. "Mimi zile ngazi siziwezi tena. Na wao shida yao ni mikono tu."

Binti hakubisha. Baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha mama vidole miaka na miaka, lakini tangu mvua zianze ilikuwa imeingia ndani. Akijilaza tu, kifua kinambana kama kakaliwa na mtu, kwa hiyo alilala kitako, ameegemea marobota ya nguo chafu. Daktari wa viungo alimwambia kifua kina wenyewe, ghorofa ya juu. Wa ghorofa ya juu walipoviona vile vidole, walimrudisha chini.

Binti aliivingirisha mikono kwenye taulo safi, akaenda akapanga foleni. Daktari aliipokea, akaikunja kidole kimoja kimoja.

"Uvimbe umenywea. Mama yako ana bahati."

"Daktari, mama hapumui vizuri. Anasema ugonjwa umemwingia moyoni."

"Huwa unaingia, ndiyo. Maji yanajaa kwenye ngozi ya moyo. Ila ni nadra sana, binti. Tukianza kufuata ya nadra, foleni hii itaisha lini?"

"Kwake umeshaingia."

"Basi akilete hicho kifua. Ghorofa ya juu."

Mikono ilimpungia daktari kwaheri. Nesi akacheka.

"Ina adabu hii! Kuliko wagonjwa wenye midomo."

Njiani, mkono wa kulia ulitoka kwenye taulo, ukamshika binti kiganja, ukaminya. Binti akaelewa, akatoka mbio.

Alimkuta mama palepale kwenye marobota, midomo imegeuka rangi, macho yameelekea mlangoni. Alimrudishia mikono yake. Haikushika. Iliteleza mpaka mapajani, ikatulia kidogo, halafu mmoja ukapanda taratibu ukamfumba macho.

Siku ya maziko, mikono haikukubali kuingia kaburini, na hakuna aliyeilazimisha. Ilibaki dukani, inakunja mashuka.

Kliniki iliyofuata, mikono ilikwenda yenyewe. Daktari aliikunja kidole kimoja kimoja, akamwambia nesi kwamba hajapata kuona mgonjwa anayeendelea vizuri namna hii, akaipangia tarehe nyingine.