Kizibo cha Waya

"Saa sita ikifika kama hii kitu haijaongea na sava, chukua mkoba wako uende kwenu ziwani," Weldon alisema, na akasimama palepale aone kama Syprose atalia.

Syprose hakulia. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa akiwa karani wa kiwanda hiki cha chai, juu ya Kimulot, na chumba alicholala na wanawe wawili kilikuwa cha kiwanda. Kazi ikienda, chumba kinaenda nayo. Weldon, naibu meneja, alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana alimtisha mbele za watu.

Tangu asubuhi hiyo ya Jumatatu, kila alipowasha kompyuta, kioo kilimjibu kwamba sava haipatikani. Sava yenyewe, ile kompyuta kuu inayotunza kazi za ofisi nzima, ilikuwa chumba cha pili, taa zake zikiwaka kama kawaida. Kompyuta ya Weldon nayo ilikuwa imekwama vilevile, lakini ya mkubwa haikutafutiwa mkosaji.

"Umeharibu. Nyinyi watu mkipewa kitu nzuri lazima muharibu."

Syprose alimchukia mtu huyu mpaka meno yakamuuma. Akapiga magoti, akaanza kuufuata waya mweusi ukutani. Fundi aliyeufunga alikuwa amemweleza: waya ni mmoja, unapitia kompyuta zote, na kila ncha lazima izibwe kwa kizibo chake cha chuma. Ncha moja ikibaki wazi, hakuna kompyuta itakayoisikia nyingine.

Nyuma ya kabati, ncha ilikuwa wazi.

"Nani ametoa kizibo hapa?"

Mzee Kipyegon wa stoo, aliyekuwa mlangoni, akakohoa. "Ni mimi, mama. Jumamosi. Bwana Weldon alisema kila kitu haitumiki irudi stoo. Hiyo ilikuwa haijashika kitu."

Akatoa karatasi mfukoni. Kizibo kimoja, cha chuma, hakitumiki. Chini yake, sahihi ya Weldon, kubwa, yenye mkia.

Mzee akaenda stoo, akarudi nacho. Syprose akakisokota mahali pake, akawasha kompyuta upya, na sava ikaitika. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Akashusha pumzi; watoto wangelala pao.

Ndipo printa, ile moja ya ofisi nzima iliyofungwa kwenye kompyuta yake, ikaanza kukwaruza. Kuna kitu Weldon alikuwa ametuma Ijumaa jioni, Syprose akiwa ameshazima mashine na kwenda nyumbani, kikabaki kinangoja ndani ya sava. Jina la Syprose ndilo lililotoka kwanza. Kisha: kuanzia leo huduma zako hazihitajiki tena. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa.

Weldon akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

"Ijumaa kompyuta ilikuwa nzima," Syprose alisema.

Syprose akaikunja barua, akaitia mkobani. Kisha akainama tena nyuma ya kabati, akakitoa kizibo, akakiweka mbele ya Weldon, juu ya ile karatasi yenye sahihi yake.

"Kitu haitumiki irudi stoo," akasema, akatoka kwenda kufunga vyombo vyake.

Akiwa kwenye baraza alimsikia Weldon akiuliza kizibo kinaingia wapi. Mzee Kipyegon, aliyekitoa kwa mkono wake mwenyewe, akasema hajui.