Mlango wa Kufungukia Ndani

Likizo ilikuwa ya siku kumi na nne. Nane zilikuwa zimeshaliwa, na aliyezila si mwenye likizo, ni trela.

Mwenye likizo alikuwa mfuaji wa hospitali, mama wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akitia mashuka ya wagonjwa mashineni, akiyatoa, akiyakunja, na kesho yake akiyakuta yanamsubiri tena kana kwamba jana hakufanya kitu. Asubuhi ya siku ya tisa alitoka uani na kikombe cha chai, akasimama mbele ya miguu miwili iliyochomoza chini ya trela.

"Baba, chai hii."

"Iweke hapo, mama. Bado kidogo."

Na hilo ndilo lilikuwa jina la mumewe mtaani: Bado Kidogo. Alikuwa fundi milango. Si wa vitanda, si wa makabati. Milango tu, miaka arobaini. Mlango wake ukiufunga, hata umbea haupenyi. Lakini kuupata sasa! Kuna bwana mmoja aliagiza mlango wa chumba cha arusi, ukaja kupachikwa siku mtoto wake wa kwanza anajifunza kutembea. Watu walimcheka, walimtukana, kisha wakarudi kuagiza mwingine. Chema chajiuza, hata kikichelewa kufika sokoni.

Trela lenyewe lilianza kwa sentensi moja. Miaka miwili nyuma mkewe alirudi kazini, akakaa kizingitini bila kuvua viatu, akasema, "Nataka kulala mahali ambapo nikiamka hakuna anayenihitaji." Hakulia. Angelia, Bado Kidogo angejua la kufanya. Mtu analia, unamshika bega. Lakini alisema vile kavu, kama anayesoma kibandiko cha dawa, akaingia ndani kupika.

Nyumba za wageni alizikataa katakata. "Nikalale kwenye shuka nisilojua limefuliwa na nani? Mimi wafuaji nawajua, baba. Mchana ukiwa na joto na sabuni imekwisha, nawajua sana."

Basi mume akapiga moyo konde: kama mkewe hawezi kwenda kwenye chumba, chumba kitakwenda naye. Umbo alilipata kwenye picha ya gazeti kuukuu, kijumba mfano wa tone la maji lililolala ubavu. Mbele pamevimba, pana kitanda cha watu wawili na nafasi ya kukaa ukiinamisha shingo. Nyuma pamechongoka, na ukiinua mfuniko unakuta jiko la gesi, rafu mbili na mahali pa sufuria. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mchomeleaji ambaye watu wote walimwita Cheche, alitoa fremu ya chuma iliyokuwa ikibeba matangi ya maji. Juu yake zikasimama mbavu za mbao, plaiwudi ikapindwa kwa maji ya moto na kamba, bati la alumini likavikwa.

Kujenga kulichukua miezi saba. Kuboresha kukachukua miezi yote iliyobaki.

Paa lilivuja tone moja, akalibandua lote. Springi zilikuwa ngumu, akazibadilisha. Zikawa laini mno, akarudisha za kwanza. Mfuniko wa jiko ulikuwa mzito, akautengeneza mwepesi, upepo ukauchukua hadi kwa jirani. Vanishi ilipakwa mara tano, na kila ilipokauka alipitisha kiganja, akasikia kijipele ambacho Mungu pekee ndiye angekiona, akachukua msasa. Mgongo ulimuuma, vidole havikukunjuka tena asubuhi mpaka avitie kwenye maji ya uvuguvugu. Aliendelea.

Mkewe aliweka kikombe juu ya gurudumu la akiba. Hakuondoka.

"Karani ameniambia siku nisizozitumia zimekwenda na maji," alisema. "Na wafuaji tumebaki watatu. Likizo nyingine labda nitapewa nikiwa kwenye jeneza."

"Usiseme hivyo."

"Nasema hivyo. Kesho alfajiri tunaondoka. Kama si kesho, basi kesho hiyo hiyo narudi kazini. Kuchoka hapa na kuchoka kule ni kumoja, angalau kule kuna kelele za mashine, sikusikii ukipiga msasa."

Miguu chini ya trela ilitulia. Alimjua huyu mwanamke. Alikuwa na vitisho vya kupika navyo, vya kelele, vilivyokwisha kabla chakula hakijaiva. Hiki hakikuwa na kelele.

"Kesho alfajiri," akasema kutoka kule chini. "Nimebakiza kitasa tu."

Mchana Cheche alikuja na pampu ya matairi begani, akalizunguka trela mara mbili akitingisha kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Shemeji, kitu kimekubali. Kaburi la kifahari hili."

"Koma."

"Sasa niambie, humu mmeshalala?"

Bado Kidogo alijipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Nilijipima wakati ni mbavu tupu. Nikalala chali, nikanyoosha miguu. Inatosha."

"Wakati hakuna ukuta wala paa! Hata mimi uwanjani nanyoosha miguu. Miaka miwili, shemeji, na hakuna ubavu wa mtu uliogusa humo?"

"Vanishi ilikuwa mbichi."

"Dada!" Cheche akapaza sauti kuelekea jikoni. "Njoo na godoro! Mjaribu leo, msije mkaniita kesho mko porini na mie niko kitandani kwangu."

Dada mtu akaja na godoro, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, ingawa hakuna aliyejua. Bado Kidogo alikuwa amepiga hesabu zake kwa sponji la inchi tatu. Mkewe, kwa sababu ya mgongo wake na kwa sababu katika miaka miwili hakuwa ameulizwa swali hata moja juu ya trela, alikuwa amejinunulia la inchi nane. Lilikunjwa, likasukumwa, likaingia kwa shida kama mwana mpotevu, kisha likajikunjua ndani na kujaza kila pembe.

Wakaingia wao, mke kwanza, mume nyuma akitambaa kwa magoti. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta wa ndani, na kwa sababu ya lile godoro ulikataa kurudi mahali pake.

"Bana miguu yako, mama. Cheche, uvute!"

Cheche alishika mpini kutoka nje, akakanyaga ubavu wa trela kwa mguu mmoja, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kupinda vyuma. Mlango ulisugua sponji, ukalikwangua, ukaingia kwenye fremu, tap! Sauti tamu. Bado Kidogo alitabasamu. Mlango wake.

"Haya, laleni," Cheche akasema kwenye kidirisha cha duara cha upande wa pili, ambacho kilikuwa wazi kwa hewa. "Mimi nakwenda kutia mafuta kwenye pikapu ya kulivuta trela na kuangalia breki. Nitachelewa kidogo."

Pikapu ikaunguruma, ikaenda zake.

Dakika kumi baadaye Bado Kidogo alikumbuka kwamba kikombe chake kipo nje. Akavuta mpini. Mlango haukusogea. Godoro, baada ya kukwanguliwa, lilikuwa limevimba tena likaukabili mlango kifua kwa kifua, na uzito wa watu wawili ulilibana zaidi upande ule. Akavuta tena. Akaweka goti, akavuta.

"Nini?" mkewe akauliza, macho amefumba.

"Hakuna kitu."

"Baba."

"Mlango unafungukia ndani," akasema polepole.

Mkewe akafumbua jicho moja. "Trela la kulala, kitanda ukuta hadi ukuta, na mlango umeuweka ufungukie ndani?"

"Milango ya vyumba yote hufungukia ndani. Mgeni husukuma, akakaribia. Mlango wa kufungukia nje ni wa choo."

"Ndiyo maana chooni watu hutoka."

Bado Kidogo aliutazama mlango. Milango maelfu, na mkono wake ulikuwa umepachika huu bila hata kumuuliza. Alisubiri maneno, aliyastahili, na alijua yangekuja na tarehe na mashahidi. Lakini mkewe alicheka, mara moja, puani, akageukia ukuta.

"Basi kama hatutoki, hatutoki," akasema. "Mimi sina haraka." Na kabla Bado Kidogo hajamaliza kutafuta la kusema, alisikia pumzi yake imebadilika. Amelala.

Fofofo. Mchana kweupe, na nguo zake za nyumbani, bila kuoga, bila kuuliza kama jiko limezimwa.

Bado Kidogo alikaa ameinamisha shingo, akaanza kufikiri kama fundi. Mlango ukifungukia ndani, bawaba zake ziko ndani. Zile pale, mbili, za shaba, alizipachika mwenyewe. Chomoa pini, uachie mlango upande wa bawaba, uinue juu ya godoro, umetoka. Mfukoni alikuwa na bisibisi fupi na msumari wa inchi tatu. Kazi ya dakika tano. Lakini pini alizigonga zikaingia kwa kukaza, kama ilivyo desturi yake, na zisingetoka bila kugongwa.

Alielekeza msumari chini ya pini ya juu. Akainua bisibisi. Mkewe akavuta pumzi ndefu, ya chini kabisa, pumzi ambayo hakuwahi kuisikia kwenye kitanda cha nyumbani, ambako mwanamke huyu hulala kama askari wa zamu, sikio moja mlangoni.

Akashusha bisibisi.

Akajilaza chali. Dari ilikuwa karibu na pua yake, na pale juu, kushoto, palikuwa na kijipele cha vanishi. Alikitazama. Nacho kilimtazama. Mkono ulimuwasha.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya kwenye trela lile, kulala bila kugusa kitu. Na kwa kuwa mikono haikuwa na shughuli, kichwa kikapata nafasi, na kikamletea jambo ambalo alikuwa akilifunika kwa msasa miaka miwili. Aliogopa siku ya kuondoka. Aliogopa kwamba watakwenda mbali, wataegesha penye miti na maji kama alivyoahidi, mkewe atalala humu, na usiku kucha atakuwa macho akitazama dari. Na asubuhi hatakuwa na kitu kingine cha kumwahidi. Trela ambalo halijakwisha halijamwangusha mtu.

Sasa alikuwa amelala. Kwenye ua wao wenyewe, na mlango umekwama.

Ganzi ilimpanda kutoka mguu hadi nyonga. Alitaka kukohoa, akameza. Jasho lilimtoka. Jua lilihama kutoka kidirisha hadi ukutani, na pikapu ikarudi, na kichwa cha Cheche kikaziba duara la mwanga.

"Nyie bado mko..."

Bado Kidogo aliinua kidole mdomoni kwa ukali uliomnyamazisha hata mchomeleaji.

"Dada amelala?" Cheche akanong'ona.

"Mlango umekwama."

Cheche alimeza kicheko hadi mabega yakatetemeka. "Nisukume kutoka nje?"

"Utamwamsha. Kaa huko. Zima hiyo injini."

"Utakaa hivyo mpaka lini?"

"Kwani nina pa kwenda?"

Mkewe aliamka jua limeshalegea. Alitazama dari, akatazama ukuta, alama za sponji zimemchora shavuni. "Tumefika?" akauliza.

"Karibu."

Wakagonga pini, mume akiinua, Cheche akipokea kutoka nje, na mlango ukatoka mzima mzima. Bado Kidogo aliteremka akichechemea, mguu mmoja hauna habari na mwingine. Hata kabla damu haijarudi, penseli ilikuwa mkononi na futi imenyooshwa kwenye fremu.

"Bawaba zihamie nje," alikuwa akisema, "huu mdomo wa fremu niugeuze, nichonge upya, niweke raba ya kuzuia maji. Siku mbili. Siku tatu, kama gundi..."

Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya ua mbele yake. Nywele zimesimama upande mmoja. Uso ndiyo kwanza ulikuwa umelainika kwa usingizi, na alikuwa akiuona ukianza kukaza tena, polepole, kuanzia kwenye taya.

"Shemeji," Cheche akasema taratibu, "mimi ninalo turubai."

"Turubai!" Bado Kidogo akasema. "Fundi milango nipite barabarani sina mlango? Watu wananijua mpaka kule kwenye mizani ya magari!"

Alitazama futi. Alitazama lile tundu la mlango, pembe zake sawasawa, kazi safi, halina kitu.

"Lina matundu ya kamba?" akauliza hatimaye.

"Linayo."

"Lete."

Alfajiri waliondoka. Mlango ulibaki uani umeegemezwa ukutani, umepakwa vanishi mara tano, na Cheche alisimama pembeni yake akipunga mkono na kupiga kelele kwamba ataulinda asije akatoroka. Kwenye mizani kijana wa zamu alichungulia, akalitazama turubai, akamtambua dereva, akafungua mdomo.

"Usithubutu," Bado Kidogo akamwambia, na akapewa njia.

Kwenye kioo aliona kona moja ya turubai imelegea, inapiga kofi. Paf, paf. Fundo jingine tu, dakika moja. Mguu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Pembeni yake mkewe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi kidogo, mikono imelala kwenye mapaja viganja juu, na mji ulikuwa haujakwisha hata.

Aliondoa mguu kwenye breki. Mbele kulikuwa na tuta la barabarani. Alilipanda gurudumu kwa gurudumu, taratibu kiasi kwamba gari la nyuma lilimpigia honi, akaliacha lipige.